Maswali ya Wasomaji: Kuitembelea Picha ya Mwanakondoo Ikiwa Mikononi mwa Wahifadhi

Makala yetu ya mwezi uliopita ilihusu picha ya altare ya Ghent, Ubelgiji, ile ya Kuabudiwa kwa Mwanakondoo wa Mungu. Ni kazi ya ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, iliyokamilika mwaka 1432, na tangu Oktoba 2012 inakarabatiwa kwa awamu na wahifadhi, yaani wataalamu wa kutengeneza picha za kale, huku wageni wakitazama kupitia ukuta wa kioo. Barua nyingi zimetufikia kutoka Arusha na Moshi. Hizi hapa ni baadhi, pamoja na majibu yetu.

Mwanangu anasoma Ghent na amenialika nikamsalimie. Anasema ile picha iko kwenye matengenezo, nisipoteze hela ya kiingilio. Padre wetu anasema niende hivyo hivyo. Nimsikilize nani, na nikienda nitaona nini?
*Mama wa Soweto, Moshi*

Msikilize padre, Mama, ila uende umejiandaa. Anayekwenda bila kujua anakuta watu watatu wanne wameinama juu ya ubao, hawasogei, hawasemi, na baada ya dakika tano anaondoka amekasirika. Anayejua cha kutafuta huona jambo ambalo wazazi wetu hawakuweza kuliona na wajukuu zetu huenda wasilione: rangi ya karne ya 15 ikitoka chini ya rangi ya watu wengine.

Kwanza ujue kwamba picha haiko mahali pamoja. Nyumba yake ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo, ambako tangu 2021 inakaa ndani ya kabati la kioo kisichopenya risasi, katika kikanisa cha nyuma. Karakana ya ukarabati iko kwingine, katika makumbusho ya sanaa ya mji huo yanayofahamika kwa herufi MSK, ndani ya bustani ya Citadelpark. Ni tiketi mbili, sehemu mbili. Vipande vinavyofanyiwa kazi viko karakana, vilivyobaki viko kanisani. Milango ya picha ikiwa wazi kuna vipande 12: saba juu, vitano chini. Awamu ya kwanza, hadi 2016, ilishughulikia upande wa nje, ule unaoonekana milango ikifungwa. Ya pili ilishughulikia safu ya chini ya ndani, yenye Mwanakondoo mwenyewe, na ikakamilika mwishoni mwa 2019. Ya tatu, iliyoanza 2023, ni ya safu ya juu: Mungu katika kiti cha enzi, Bikira Maria, Yohane Mbatizaji na malaika waimbaji. Vipande huhama kati ya kanisa na karakana kadiri kazi inavyokwenda, hivyo mwambie kijana afungue tovuti ya makumbusho na ile ya kanisa kuu wiki ileile unayotaka kwenda, aone kipi kiko wapi na kama karakana inafanya kazi. Asikuahidi kwa kukumbuka alichosikia mwaka jana.

Siku ina maana kubwa kuliko saa. Jumatatu makumbusho hufungwa. Jumamosi na Jumapili mlango uko wazi lakini wahifadhi wako mapumzikoni, utaona vifaa na ubao bila mikono. Nenda kati ya Jumanne na Ijumaa, asubuhi. Kanisani usiende Jumapili asubuhi kama mtalii, ni wakati wa ibada. Ukitaka kusali, karibu, ila picha hutaionyeshwa saa hiyo.

Sisi tungeanza kanisani ili macho yazoee mpangilio mzima, ambao upana wake ukiwa wazi unapita mita 4.5. Kisha ndipo uende karakana. Pale mbele ya kioo usitazame watu kwanza, tazama ubao. Tafuta mstari ambapo sehemu iliyosafishwa inakutana na ile ambayo bado: upande mmoja rangi ya bluu ni bluu, upande wa pili imekuwa kijani kibichi cha kuchoka, kwa sababu vanishi ya njano imekaa juu yake. Tafuta pia vimraba vidogo vilivyo safi katikati ya eneo chafu. Hayo ni majaribio, mahali walipopima kemikali au kisu kabla ya kuendelea. Ukishayaona hayo ndipo umtazame mtu aliyeinama, na utaelewa kwa nini mkono wake unasogea kidogo vile.

Beba darubini ndogo ya mkononi. Arusha na Moshi hazikosekani, waongozaji wa watalii wanazo. Lakini nyingi zimetengenezwa kwa kumtazama simba aliye mbali, haziwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko mita mbili au tatu. Ijaribu nyumbani: simama hatua tatu kutoka kwenye kalenda ya ukutani, ukiweza kusoma herufi ndogo, hiyo inafaa. Iliyoandikwa 8× inatosha. Ya 12× mkono utatetemeka na utaona ukungu tu.

Begi kubwa na mwavuli huachwa kwenye kabati la wageni. Usigonge kioo wala kuwapungia mkono. Mtu aliyeshika kisu kwenye rangi ya karibu miaka 600 hapaswi kushtuliwa.

Nauli nimeshaweka akiba. Viza na safari kutoka KIA zikoje?
*Kijana wa Njiro, Arusha*

Viza ni ya Schengen, na unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, siyo ile ndege inayotua kwanza. Ukipita Amsterdam kwenda Ghent, ombi ni la Ubelgiji. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi ukinyimwa. Ombi halipokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala chini ya siku 15 kabla yake. Usingoje ukingoni. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na iendelee kuwa halali angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Mwisho wa kukaa ni siku 90 ndani ya kila siku 180.

KLM inaruka kutoka KIA hadi Amsterdam, na kutoka hapo kuna treni hadi Ubelgiji. Wanaopita Addis Ababa na Ethiopian hutua Brussels moja kwa moja. Kutoka uwanja wa ndege wa Brussels kuna treni hadi Gent-Sint-Pieters, kama saa moja. Makumbusho ni mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka stesheni hiyo. Kanisa kuu liko katikati ya mji wa kale, panda tramu. Tiketi ya kanisani ina saa yake, inunue mtandaoni kabla hujaondoka.

Nafundisha sayansi sekondari. Wanafunzi wangu wameuliza: kusafisha picha kunachukuaje zaidi ya miaka kumi? Hiyo kazi yenyewe inafanywa vipi, hatua kwa hatua?
*Mwalimu, Sakina, Arusha*

Mwalimu, swali la wanafunzi lina jibu zuri la kemia, na tungependa walipate kwa ukamilifu.

Anza na tabaka, kutoka nyuma kwenda mbele. Nyuma kabisa ni mbao za mwaloni kutoka nchi za Baltiki, zimeunganishwa ubavu kwa ubavu. Juu yake kuna matabaka ya chaki iliyokorogwa na gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, yakasuguliwa hadi yakawa laini. Juu yake mchoro wa mistari. Kisha rangi: unga wa madini uliosagwa ndani ya mafuta ya kitani. Nyeupe ni ya risasi, nyekundu kali ni ya zebaki na salfa, bluu ni azuriti ya shaba au, mahali pa heshima, jiwe la lapis lazuli lililosafirishwa kutoka Afghanistan. Tabaka za mwisho ni nyembamba na zinapitisha nuru, ndizo zinazolipa vazi jekundu kina chake. Mwisho vanishi.

Mafuta ya kitani hayakauki kwa maji kutoka, hukauka kwa kushika oksijeni ya hewani na molekuli zake kufungamana. Kadiri miaka inavyopita yanazidi kuwa magumu. Vanishi ya utomvu ni tofauti: inabaki ikiyeyuka, lakini inageuka njano na kuwa na ukungu. Sasa tatizo lililokutwa Ghent ni kwamba upande wa nje, kama asilimia 70 ya uso wote ulikuwa umepakwa rangi nyingine na watu wa karne zilizofuata. Na rangi hiyo nayo ni ya mafuta, nayo ina miaka mia kadhaa. Kiyeyushi chenye nguvu ya kuiondoa kabisa kinaweza kuendelea chini na kuigusa ya Van Eyck. Hapo ndipo muda unapokwenda.

Kabla ya kugusa chochote wanapima. Eksirei huonyesha mahali penye risasi, maana risasi huizuia miale, hivyo tundu na ufa vinaonekana chini ya rangi ya juu. Infraredi hupenya hadi kwenye mchoro wa mistari. Kuna kifaa kingine kinachopita taratibu mbele ya ubao na kuchora ramani ya elementi: shaba iko hapa, zebaki iko pale, chuma kule. Ramani ya zebaki ikionyesha mikunjo ya joho ambayo macho hayaioni, umejua kuna nyekundu ya asili iliyofunikwa. Pia huchukua chembe ndogo kuliko kichwa cha pini, huizamisha kwenye plastiki ngumu, huisugua na kuitazama ubavuni kwa hadubini. Wakiona mstari wa vanishi na vumbi katikati ya rangi mbili, ushahidi umekamilika: ya chini ilikauka, ikapakwa vanishi, ikakaa miaka ikipata uchafu, ndipo mtu mwingine akaja kupaka juu.

Baada ya hapo hugandisha kwanza rangi inayobanduka, kwa gundi nyembamba iliyopenyezwa kwa brashi, kisha uzito mdogo na uvuguvugu. Gundi inayopendwa sana katika kazi hii hutoka kwa samaki aitwaye sturgeon, kwa sababu inashika vizuri ikiwa nyembamba. Asiyefanya hatua hii kwanza ataondoka na rangi kwenye pamba. Kisha vanishi: kijiti chenye pamba, kiyeyushi kilichopimwa kwenye kimraba cha majaribio, kuviringisha bila kusugua, pamba inatupwa, nyingine. Katika picha hii kulikuwa na vanishi za zama tofauti, zikiwemo za kiwandani zilizopakwa wakati wa ukarabati wa 1950 na 1951, kwa hiyo dawa ya tabaka moja haikuwa dawa ya lingine.

Rangi ya juu huondolewa kwa kisu cha upasuaji chini ya hadubini ya macho mawili, baada ya kulainishwa kidogo. Ncha ya kisu hupita kwenye ule mstari wa vanishi ya zamani. Siku nzima ya mtu mmoja inaweza kufungua sentimita chache tu za mraba. Wakikuta chini pameharibika, wanasimama na kujadili, na kuna kamati ya wataalamu wa mataifa mbalimbali inayoamua kama waendelee.

Mwisho hupaka vanishi ya kutenganisha, hujaza matundu kwa chaki na gundi, na kugusia rangi ndani ya tundu tu, bila kuvuka ukingo wake. Kila wanachoongeza lazima kiweze kuondolewa baadaye bila kuiumiza ya asili. Waambie wanafunzi wajaribu darasani: kipande cha kioo kilichopakwa rangi ya mafuta, baada ya kukauka kabisa kipakwe vanishi ya utomvu, kisha rangi ya mafuta tena. Wapewe pamba na spiriti, dirisha likiwa wazi, waondoe ya juu peke yake. Kipindi kimoja kinatosha kuwajibu.

Makosa ya zamani katika kazi hii karibu yote yana chanzo kimoja: haraka. Tabaka jembamba la nyekundu au kijani cha shaba huonekana kama uchafu kwa mtu anayesugua, naye analiondoa akidhani anasafisha. Likiondoka haliwezi kurudi, na ndiyo sababu sura nyingi za kale zinaonekana kama zimepauka.

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeona kwenye simu picha ya yule Mwanakondoo kabla na baada. Zamani alikuwa kondoo wa kawaida, mpole. Sasa ana macho ya mtu, anakukazia. Nani aliwapa ruhusa kubadilisha sura ya Mwanakondoo wa Mungu? Vijana wa kipaimara wananiuliza.
*Katekista, Marangu*

Milele amina. Wasiwasi wako una msingi, Katekista, na watu wengi duniani walishtuka vilevile sura hiyo ilipoonyeshwa. Ila mambo yako kinyume na yanavyoonekana: aliyebadilishwa ni yule mpole.

Kumbukumbu za karne ya 16 zinasema mwaka 1550 wachoraji Lancelot Blondeel na Jan van Scorel waliisafisha picha hii. Rangi iliyofunika kichwa cha Mwanakondoo inahusishwa na wakati huo. Walipanua paji la uso, wakasogeza macho pembeni kama ya mnyama wa malishoni, wakahamisha masikio. Mwaka 1951 wahifadhi waliondoa sehemu ndogo tu ya rangi hiyo kuzunguka kichwa, masikio ya asili yakatokea, lakini yale ya juu yakaachwa. Kwa karibu miaka 70 waumini walisali mbele ya Mwanakondoo mwenye masikio manne, na picha za kitabuni zilizochapwa miaka hiyo zinaonyesha hivyo wazi. Waonyeshe vijana, watayahesabu wenyewe.

Aliyefunuliwa sasa ndiye wa Van Eyck. Macho yako karibu na yanatazama mbele, mdomo umefumbwa, damu inatiririka kutoka kifuani hadi kwenye kalisi, naye amesimama. Kwetu sisi hili ndilo jambo la kuwafundishia. Kwenye kitambaa chekundu cha altare anaposimama kuna maneno ya Kilatini ya Yohane 1:29, «Tazama, Mwana-kondoo wa Mungu», na ukisoma Ufunuo sura ya 5 utamkuta Mwanakondoo aliyesimama kana kwamba amechinjwa, mwenye macho. Anayekutazama usoni analingana na maandiko hayo kuliko yule aliyetazama kando.

Ruhusa ilitolewa baada ya vipimo vyote tulivyomweleza Mwalimu hapo juu, na kamati ile iliridhika kwamba rangi ya asili chini yake ilikuwa nzima kiasi cha kutosha. Isingekuwa nzima, ya juu ingebaki. Vijana wenye simu wafungue tovuti ya Closer to Van Eyck. Ni ya bure, ina picha za kabla, wakati na baada ya kazi, za eksirei na za infraredi pia, na unaweza kukuza hadi uone nyufa za rangi. Tumia kompyuta ikiwezekana, kioo cha simu kinabana.

Wale malaika wa kwaya mbona hawana mabawa? Na kweli wanaimba, au wamefungua midomo tu?
*Mwanakwaya wa KKKT, Moshi mjini*

Kweli hawana, na si kwamba yamefutika. Wamevaa kanzu nzito za kiliturujia kama watumishi wa misa. Kuhusu kuimba, tangu karne ya 16 watazamaji wamesema kwamba kwa kuwatazama nyuso unaweza kumtambua wa sauti ya juu na wa sauti ya chini. Ninyi wanakwaya mko kwenye nafasi bora kuliko sisi ya kuhukumu: angalia nyusi, taya na mkunjo wa paji la uso wa kila mmoja, halafu mfanye hivyo hivyo mazoezini. Kwenye ubao wa pili kuna kinanda cha mabomba kilichochorwa kwa usahihi, mikono ya mpigaji ikiwa juu ya vitufe. Vipande hivi viwili ni sehemu ya awamu ya tatu.

Mimi ni seremala. Mliandika kwamba mbao za picha ile zilipasuliwa kwa msumeno huko Ujerumani. Ubao uliochorwa pande zote mbili unapasuliwaje bila kuharibu? Na baada ya hapo haukupinda?
*Fundi, Ngarenaro, Arusha*

Fundi, umegusa mahali pagumu. Baadhi ya milango iliuzwa mwaka 1816 na kuishia Berlin kwa mfalme wa Prussia. Mwaka 1894 huko Berlin mbao sita zilipasuliwa katikati ya unene wake, ili sura ya mbele na ya nyuma ziweze kutundikwa kando kwa kando. Adamu na Hawa hawakuwa Berlin, kwa hiyo wao walinusurika msumeno. Vipande vya Berlin vilirudi Ubelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa Mkataba wa Versailles.

Mbao zenyewe zilichaguliwa vizuri. Zimepasuliwa kutoka kwenye gogo kufuata mwelekeo wa kutoka ganda kwenda kiini, ambao unajua hupinda kidogo kuliko ule wa kukata kando. Lakini ubao wenye rangi upande mmoja hupumua upande mmoja. Nyuma hunywa unyevu na kuutoa haraka, mbele pamefungwa na chaki na mafuta. Ukiwa mnene unavumilia. Ukishapunguzwa nusu, kila badiliko la hewa linauvuta, kama mlango wako unavyobana wakati wa masika na kulegea kiangazi, isipokuwa hapa kinachopasuka ni rangi.

Dawa ya zamani ilikuwa kugandisha gridi ya vipande vya mbao nyuma ili kuunyoosha. Wewe utaona kosa mara moja: vipande vya kuvuka vikikwama, ubao hauwezi kutanuka wala kunywea, basi unapasuka kwenye maungio au rangi inainuka mithili ya paa. Siku hizi ubao hushikwa kwa namna inayoruhusu kusogea, na hewa ya chumba hutunzwa isibadilike ghafla, kwa kawaida unyevu kati ya asilimia 50 na 60. Ubao uliozoea mkunjo wake huachwa nao.

Kupasuliwa kule kulileta balaa lingine. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Aprili 1934 mwizi aliondoka kanisani na vipande viwili: Waamuzi Waadilifu, na Yohane Mbatizaji aliyekuwa mgongo wa ubao huohuo. Cha Yohane kilirudishwa. Cha Waamuzi hakijapatikana hadi leo, na mahali pake utaona nakala ya Jef Van der Veken. Ubao ungekuwa mmoja bado, vyote viwili vingerudi au vyote vingepotea.

Kanisani kwetu kuna picha kubwa ya mafuta ya Familia Takatifu, ililetwa na wamisionari. Imekuwa nyeusi kwa moshi wa mishumaa. Fundi rangi amesema ataiosha kwa sabuni ya unga na sponji, kisha aipake vanishi ya samani ing'ae. Bei yake ni nzuri. Tumruhusu?
*Kamati ya jengo, parokia moja ya Moshi vijijini*

Hapana, tafadhali msimruhusu. Maji huingia kwenye nyufa ndogo hadi kwenye tabaka la gundi na chaki, linavimba, na rangi inainuka baada ya siku kadhaa, fundi akiwa ameshalipwa. Sabuni ya unga ni kali kwa mafuta. Vanishi ya samani ndiyo mbaya kuliko vyote, maana ikishakauka hakuna kiyeyushi kitakachoiondoa bila kuondoka na nyuso za watakatifu. Wakataeni pia wanaoshauri kiazi kilichokatwa, mkate, kitunguu, spiriti au thina. Wanga wa kiazi na mkate hubaki kwenye nyufa, ukungu na wadudu wanafuata.

Hakikisheni kwanza ni picha ya mafuta kweli. Picha nyingi zilizoletwa makanisani ni karatasi iliyochapwa na kubandikwa kwenye kadibodi au kitambaa, kisha ikapakwa vanishi ionekane kama mafuta. Chukueni kioo cha kukuzia: mkiona nukta nukta zilizopangwa kwenye mashavu, ni chapa. Chapa ikiguswa na maji inaharibika dakika hiyohiyo.

Piga picha mbele na nyuma kwa mwanga wa mchana. Halafu chumba kiwe giza, shikeni tochi ubavuni mwa picha karibu na ukuta, mwanga upite juu ya uso wake. Magamba yaliyoinuka yatatupa vivuli. Mkiyaona, ishusheni, ilazeni uso juu mahali pakavu, funikeni kwa shuka lililoinuliwa lisiiguse, na msifanye lolote zaidi. Kama rangi imeshika pote, mnaweza kuondoa vumbi kwa brashi mpya yenye manyoya laini, upana sentimita 4 au 5, kutoka juu kwenda chini, bila kukandamiza. Msitumie kitambaa, nyuzi zake zinanasa na kung'oa. Masizi ya mishumaa yenyewe yaacheni. Yana mafuta, brashi haitayatoa, na kuyasugua kunayaingiza ndani.

Geuzeni mtazame fremu na mgongo. Unga mweupe au wa kahawia uliomwagika chini ya matundu madogo ni dalili ya dumuzi walio hai. Msipulize dawa ya wadudu upande wowote, itapenya hadi kwenye rangi. Itengeni picha na mbao nyingine za kanisa kwanza. Kwa ushauri wa nani wa kumwita, anzieni kuuliza Makumbusho ya Taifa, ambayo Arusha yana vituo viwili, Azimio la Arusha na Elimu Viumbe pale Boma. Nendeni na picha mlizopiga, za tochi hasa, na vipimo vya urefu na upana.

Ikirudi ukutani isirudi palepale. Chagueni ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua ya masika. Bandikeni vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, vyenye unene wa sentimita 2 kwenye pembe za chini za fremu ili hewa ipite nyuma. Itundikeni kwa ndoano mbili, siyo moja. Mishumaa ikae umbali wa angalau mita 2, na kamwe isiwe chini yake. Taa za LED badala ya zile za joto, na pazia kwenye dirisha linalopokea jua la jioni.

Fundi wenu msimwache bila kazi. Mpeni koki, ndoano na pazia, apande pia juu ya dari kuangalia kama bati linavuja juu ya huo ukuta mpya.